Shule za Summerton na Mizani ya Sheria

Tangu mwaka 1896 sheria ya Marekani iliwaruhusu watawala kuwatenga weupe na weusi, mradi kila upande upate huduma zilizo sawa. Usawa ni jambo liwezalo kupimwa. Na katika Summerton, mji mdogo wa wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, ulipimwa darasa kwa darasa.

Aliyepima ni Matthew Whitehead, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard, aliyetumwa na mawakili wa wazazi weusi. Alikuta shule mbili za weupe zenye wanafunzi 276, na shule tatu za weusi zenye wanafunzi 808. Lakini thamani ya zile mbili ilikuwa mara nne ya thamani ya zile tatu. Kwa weupe, mwalimu mmoja alikuwa na watoto 28. Kwa weusi, 47. Katika shule mbili za watoto wadogo weusi zilizokuwa nje ya mji, moja haikuwa na maji ya bomba na nyingine haikuwa na umeme. Weupe walikuwa na vyoo vya maji ndani ya majengo yao. Weusi walikwenda vyoo vya uani, navyo havikutosha. Mwaka 1949-50 wilaya ilitumia dola 179 kwa mtoto mweupe, na dola 43 kwa mweusi.

Madai yenyewe yalianza kwa haja ndogo. Mwaka 1947 mkulima Levi Pearson, akisaidiwa na mchungaji Joseph DeLaine, aliomba basi moja la shule. Weupe walikuwa nayo 30. Weusi hawakuwa na hata moja. Ombi lilikataliwa, ndipo madai yakakua. Harry Briggs, aliyetia sahihi, alifukuzwa kazi katika kituo cha petroli. Mkewe Eliza naye akapoteza yake.

Shauri liliposikilizwa Charleston, Mei 1951, wakili wa wilaya alikiri mara moja kwamba shule hazikuwa sawa, akaomba muda wa kuzitengeneza. Kukiri huko kulikuwa na hila ndani yake: kama kasoro ni matofali na mabomba tu, fedha zingeiondoa na utengano ungebaki. Kwa hiyo Thurgood Marshall alileta kipimo cha pili. Mtaalamu Kenneth Clark aliwaonyesha watoto weusi 16 wanasesere weupe na weusi. 10 wakampenda zaidi mweupe. Mahakimu wawili hawakushawishika. Wa tatu, Waties Waring, aliandika kwamba kutenga kwenyewe ndiko kukosa usawa. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya nchi ilikubaliana na maoni hayo.

Hata hivyo, milango ilipofunguliwa mwaka 1965, weupe wengi wa Summerton waliwahamishia watoto wao katika shule ya binafsi. Mizani ya Whitehead ilikuwa imepima kila kitu kilichojengwa kwa mkono. Chuki iliyojenga shule mbili katika mji mmoja haikuwamo katika hesabu yake.