Mwenye Wimbo: Manju, Ngoma na Studio katika Nchi ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na kuongezewa Busega iliyokuwa upande wa Mwanza, ni mkoa mchanga katika ramani ya Tanzania, lakini nchi yenyewe, yaani Ntuzu ambako mji wa Bariadi umekulia, pamoja na Itilima, Maswa na Meatu, ina historia ndefu ya uimbaji ambayo haijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili. Wasukuma wa upande huu, ambao kati yao wale wa Bariadi huitwa Wanyantuzu, hutajwa zaidi kwa pamba na ng'ombe kuliko kwa nyimbo zao. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, wamejitokeza wanamuziki wa kujitegemea, yaani wasiofungwa na mkataba wa kampuni yoyote, ambao huchukua nyimbo za wazee, wakazipanga upya kwa kinanda cha umeme na kompyuta, kisha wakazirekodi katika studio ndogo za mijini. Wapo wanaolalamika kwamba kazi hiyo inavuruga mila. Historia haiungi mkono lalamiko hilo, kwa kuwa kupanga upya wimbo ni sehemu ya mila yenyewe. Kinachostahili kulalamikiwa ni kupotea kwa jina la manju.

Manju ni mtunzi na kiongozi wa uimbaji, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, na cheo chake hakipatikani kwa sauti nzuri peke yake. Manju hutunga maneno, huchagua lahani, hufundisha waitikiaji, hupanga mwendo wa wachezaji, na mara nyingi huwa pia mjuzi wa dawa au mwanafunzi wa mganga, kwa kuwa ngoma ya Kisukuma tangu zamani ilihesabiwa kuwa vita isiyomwaga damu. Mapokeo yanasimulia kwamba katikati ya karne ya 19 walitokea mahasimu wawili, Ngika na Gumha, waliobishana juu ya nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi ya kuvuta watu, na kutokana na ubishi huo vikazaliwa vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu, ambavyo vimegawa wachezaji wa Usukuma mpaka leo. Mtu huingia katika chama kimojawapo kwa kufuata mwalimu wake wa ngoma, na akishaingia hujulikana kwacho popote anapokwenda kucheza.

Mashindano ya vyama hivi hufanyika baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, ghala zikiwa na chakula na watu wakiwa na nafasi. Makundi mawili hayapandi jukwaani kwa zamu, kama ilivyo desturi ya matamasha ya mjini, bali huanza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila moja likiwa upande wake, na watazamaji huwa huru kutembea kutoka huku kwenda kule. Mshindi ni yule ambaye umati umemzunguka. Utaratibu huu una matokeo makubwa katika utunzi, maana manju anayeona watu wakianza kugeuza nyuso kuelekea upande wa pili hana budi kubadili mambo papo hapo: huingiza ubeti mpya unaomtaja mtu aliye uwanjani, huongeza kasi ya ngoma, huleta kichekesho au sanamu, au huwatoa wachezaji wa nyoka. Wimbo usiobadilika ulikuwa wimbo unaoshindwa. Manju aliyejifunza nyimbo za mwalimu wake alitarajiwa kuzichukua, kuzinyoosha upya na kuzipeleka mahali ambapo mwalimu hakufika, huku akiendelea kumtaja mwalimu huyo ndani ya wimbo, na manju mwenyewe alijitaja pia, kwa jina lake na la baba yake, ili msikilizaji wa kijiji cha mbali ajue ni nani aliyesema maneno yale.

Nyimbo hazikuwa za uwanjani tu. Vijana wa kijiji, walioitwa basumba, walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi mmoja, nsumba ntale, na umoja huo ulilima mashamba ya watu kwa zamu, ukiimba kazini. Kutoka Meatu na sehemu nyingine, misafara ya vijana ilisafiri kwa miguu kwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, safari ya hatari iliyohesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, ambayo afisa wa kikoloni H. S. Senior aliieleza mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Msafara ulikuwa na nyimbo zake. Wawindaji wa nungunungu, waliojulikana kama Banunguli, walikuwa na zao, na Wayeye, wanachama wa chama cha wachezeshaji nyoka, walikuwa na zao.

Ni kwa Banunguli ndipo mfano ulio wazi zaidi wa kupanga upya unapopatikana. Mtafiti Frank Gunderson, aliyeishi Usukumani na kuchapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi ngoma ya wawindaji wa nungunungu ilivyogeuzwa kidogo kidogo kuwa ngoma ya wakulima, kadiri uwindaji ulivyopungua na kilimo, hasa cha pamba, kilivyotawala maisha. Ngoma hiyo mpya ni bugobogobo, ambayo wachezaji wake husimama kwa mstari na majembe, wakiyarusha, wakiyazungusha na kuyadaka kwa mpigo mmoja. Shambani ngoma huwekwa karibu kabisa na wanaolima, naye mpigaji huitazama kazi: mstari ukilegea huharakisha, pumzi zikikatika hupunguza, kiasi kwamba ngoma na jembe huwa kama kitu kimoja. Baadaye bugobogobo ilihamishwa tena, kutoka shambani kwenda kwenye majukwaa ya serikali na vikundi vya sanaa vya taifa, ikawa miongoni mwa ngoma zinazojulikana zaidi Tanzania. Hakuna aliyesema katika uhamisho huo kwamba mila imekufa. Ngoma ile ile ilibadilishwa kazi mara mbili, na mara zote mbili ikapata watu.

Kinasa sauti kilipofika, kilileta mabadiliko ya namna nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mashine zake na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, alirekodi katika Tanganyika, zikiwamo nyimbo za Kisukuma. Kazi yake ni hazina, na kumbukumbu zake mara nyingi hutaja aliyeimba, kabila lake na ala iliyotumika. Lakini anayeimba si lazima awe mtunzi, na santuri haikuwa na nafasi kwa nasaba ndefu ya walimu ambayo uwanjani isingeachwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, huko Bujora karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na kamati ya waumini wenyeji kuingiza lahani na ngoma za Kisukuma katika ibada ya Kikatoliki, kabla hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, haujafungua mlango huo kwa Kanisa lote. Bujora baadaye ilijenga makumbusho ya Wasukuma, na sherehe yake ya Bulabo, inayofanyika karibu na Sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, bado inawakutanisha Wagika na Wagalu.

Baada ya Uhuru, Wizara ya Utamaduni iliundwa mwaka 1962, na redio ya taifa ikakusanya ngoma kutoka mikoani. Mkusanyiko huo uliwapa watu fahari ya haki, lakini wimbo ulipofika hewani ulitangazwa kuwa ngoma ya mkoa au ya kabila, na manju, ambaye nyumbani alikuwa mtu mwenye jina, rafiki na adui, akawa hayumo. Aliyesaidia kulirudisha suala hili mahali pake ni Elias Songoyi, aliyeandika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988 tasnifu juu ya msanii na dola, akiwachukua waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi, na kuonyesha kwamba kila mmoja alikuwa na msimamo wake mbele ya chama tawala na serikali. Umuhimu wa kazi hiyo hauwezi kukuzwa kupita kiasi. Inamchukua manju kama wasomi walivyozoea kumchukua Shaaban Robert, mtunzi mwenye fikra zake, ambaye maneno yake yanaweza kujadiliwa na kupingwa kwa kutajwa jina.

Historia hii ndiyo inayopaswa kusomwa pamoja na kazi ya mwanamuziki wa kujitegemea wa leo. Mahali pengine duniani njia hiyo ya kukusanya na kupanga upya nyimbo za wazee imekwisha kupitiwa. Nyimbo za asili za Waselti, yaani watu wa Ireland, Uskoti, Wales na Brittany, zilikusanywa kwa bidii na watu kama Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago mzaliwa wa Ireland, ambaye mwaka 1903 alichapisha kitabu chenye lahani 1,850. Na mwaka 1985 mwimbaji wa Kanada, Loreena McKennitt, alianzisha lebo yake mwenyewe, Quinlan Road, akarekodi albamu ya kwanza iliyojaa nyimbo za jadi alizozipanga upya kwa kinubi. Karibu zaidi na Simiyu, ng'ambo ya Ziwa Victoria, Saida Karoli alifikisha uimbaji wa Kihaya kwa taifa zima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo wake kwa namna mpya. Katika wimbo huo wa Saida angalau msikilizaji anajua ulikotoka.

Kazi ya studio ina matatizo yake ya kifundi, nayo yanastahili uzito kuliko malalamiko ya jumla. Ndono, kwa mfano, ni upinde wenye waya mmoja uliofungwa kibuyu, ambao mpigaji hugonga kwa kijiti huku akiuweka mdomo wa kibuyu kifuani na kuuondoa, ili sauti ndogo za juu zilizofichwa ndani ya waya zisikike na kuzimika kwa zamu. Ni ala ya sauti ya chini, inayodai maikrofoni iliyo karibu na chumba kilicho kimya, na sauti zake hazilingani sawasawa na funguo za kinanda cha umeme. Prodyuza anayeziburuta zilingane na kinanda hupata wimbo safi usio na ladha ya ndono. Mdundo wa kompyuta nao huenda kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mpigaji wa bugobogobo asingelikubali. Suluhisho ni kumrekodi kwanza mpigaji ngoma akiwa na wachezaji mbele yake, kisha ala nyingine zikamfuata yeye.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi, na inataka anayezitumia ataje chanzo chake, yaani jamii au mahali zilikotoka. Hilo ni jema, lakini kwa nyimbo za Simiyu halitoshi, kwa kuwa nyingi si za jadi kwa maana ya kutokuwa na mtunzi; ni za manju fulani, wa kijiji fulani, aliyetunga katika msimu fulani kumjibu mpinzani fulani, na mara nyingi wajukuu zake wapo hai. Kuandika kwenye kazi iliyorekodiwa kwamba wimbo ni wa Kisukuma tu ni kumnyang'anya mtu jasho lake, hata kama sheria haitamshtaki aliyefanya hivyo.

Basi wanamuziki wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega wanaoingia studio na wimbo wa wazee wauchukue bila woga, waupange wanavyoona, lakini kabla ya kuurekodi waende kwa wazee wa ngoma kuuliza mambo manne na kuyaandika pamoja na jina lao wenyewe: manju aliyeutunga alikuwa nani, wa kijiji gani, Mgika au Mgalu, na nani alimfundisha.