Upweke na kumbukumbu za wazee wetu Kyela

Wadau, mwaka jana nilienda nyumbani, maeneo ya Ipinda, nikamkuta babu ananiita kwa jina la marehemu baba. Siku moja, mara tatu. Majirani wameshaanza minong'ono, eti mzee anawanga. Hapo nikaogopa kweli, maana nchi hii wazee wamewahi kuuawa kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Ndo nikaanza kufuatilia.

Hali hii kitaalamu ni dimensia. Sio uchawi, na sio uzee wa kawaida. Ni maradhi ya ubongo. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013 ulikuta wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanayo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Upweke umo.

Inakuwaje? Kupiga soga ni kazi ya ubongo: unasikiliza, unatafuta jina, unarudisha utani. Mzee akikosa wa kuongea naye, kazi hiyo inakufa. Tena hatembei, halali vizuri, sonona inaingia. Ila inaenda na kinyume chake: anayeanza kusahau anaona aibu, anajitenga. Asiyesikia vizuri naye anakimbia watu. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba upweke ndio umemuumiza babu.

Mtaniuliza, Mnyakyusa mpweke vipi na wajukuu wamejaa uani? Jamani, wajukuu sio rika. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa huku kwetu miaka ya 1930, na kitabu cha mama huyo cha 1951 kinaeleza vijiji vya rika: vijana wanaondoka kwa baba zao, wanajenga pamoja, wanazeeka pamoja. Kukaa na wenzako, ukwangala, kulihesabiwa ndio utu wenyewe. Leo wenzake babu wengi wamekufa, waliobaki masika hawavuki matope. Sisi tuko Mbeya, Tunduma, Dar. Mimi nilikuwa najisifu natuma hela kila mwezi. "Babu, imeingia?" "Imeingia." Dakika moja, basi.

Hai hiyo hiyo walijaribu tiba ya vikundi, matokeo yakatoka 2017: wazee wenye dimensia wanakutana mara 14 ndani ya wiki 7, wanazungumza, wanaimba, wanacheza. Dawa hakuna. Kumbukumbu zilipanda kidogo na wasiwasi ukapungua. Kupona, hapana.

Sisi tulianza na kumpima presha na masikio. Halafu tukakubaliana na bodaboda: Jumanne na Ijumaa anampeleka kwa mzee mwenzake, wanacheza bao chini ya mwembe hadi jioni. Majirani wanamwona hapo mchana kweupe, maneno yamepungua. Jina langu bado linampotea. Ila kete zake anazijua zote, na juzi kanishika nikimwibia mbili.