Samantha Ambaye Hakuwahi Kuwepo

Mwaka 1995 Jon Westling, mmoja wa wakubwa wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, alisimulia hadithi kwenye hotuba yake. Ati siku ya kwanza ya masomo, msichana aitwaye Samantha alimletea barua kutoka ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Apewe noti, kiti cha mbele, muda wa ziada kwenye mtihani na chumba cha peke yake. Tena huenda akasinzia darasani, kwa hivyo mwalimu amweleze yaliyompita.

Hadithi tamu. Lakini barua kama hiyo haikupatikana bure. Kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 kilikataza taasisi zinazopokea pesa za serikali ya Marekani kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Kilikaa miaka karibu minne bila kanuni za kukitekeleza. Aprili 1977 watu wenye ulemavu, Judith Heumann akiwa miongoni mwa viongozi wao, walipiga kambi ndani ya jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Kanuni zikatiwa sahihi tarehe 28 mwezi huo.

Sasa rudi Boston. Mwisho wa 1995, chuo kikakaza masharti. Mwenye disleksia alete ripoti ya vipimo isiyozidi miaka 3, kutoka kwa daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni. Hata yule ambaye chuo kilikuwa kimeshamkubali, arudi apimwe upya. Vipimo hivyo hula saa nyingi na pesa nyingi, na disleksia si homa, useme itapoa ukifika mwaka wa tatu.

Wanafunzi wakaenda kortini. Kesi yao, Guckenberger, ilisikizwa na Jaji Patti Saris mwaka 1997. Huko ndiko Westling alikokiri: Samantha hakuwepo. Alimtunga tu.

Kumbe aliyedai ushahidi hakuwa nao.

Agosti jaji akaamua. Chuo kina haki ya kuomba stakabadhi, hilo hakulipinga. Ila kumlazimisha kila mtu apimwe upya, na kukataa ripoti za wataalamu wenye ujuzi wa kupima disleksia kwa sababu tu ya shahada zao, kulivunja sheria. Masharti yale, alisema, kwa kiasi yalisukumwa na dhana potofu.

Wanafunzi hawakushinda yote. Waliomba kubadilishiwa somo la lugha ya kigeni. Kamati ya maprofesa ikakataa, na mwaka 1998 jaji akaliacha hivyo.

Kwa hivyo ukipanga foleni chuoni na faili mkononi, karatasi yenyewe si adui yako. Sikiliza swali unaloulizwa. Je, ni "unahitaji nini ili usome?" au ni "wewe ndiye Samantha?"