Tarehe Iliyofichwa Haijafutika

Mwaka jana mteja mmoja alinipa kazi: ondoa tarehe na jina la mwandishi kwenye makala zote za blogu yake. Zilikuwa makala za bei za mashamba, nyingine za 2019, naye alitaka zionekane mbichi. Kadhaa nilikuwa nimeziandika mimi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu na kazi ndogondogo ndizo hunilisha, kwa hivyo nilikubali.

Sasa, blogu na tarehe ni pacha. Neno "weblog" lilianzishwa na Jorn Barger mnamo Desemba 1997, na hiyo "log" ni kama daftari la nahodha: leo tumefika hapa, upepo ulikuwa hivi. Blogger ilipofunguliwa Agosti 1999, maandishi yalijipanga kwa tarehe, jipya likikaa juu. Ukiitoa tarehe, daftari la nahodha linabaki porojo.

Chombo cha kufichia kilikuwepo tayari. CSS, lugha ya kuvalisha kurasa, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa Desemba 1996. Ndani yake mna amri fupi, display: none. Unafungua sehemu ya kurekebisha thimu, unataja pale tarehe inapokaa, unabandika amri, basi. Dakika tano. Lakini kuficha si kufuta. Ukitazama msimbo wa ukurasa, tarehe bado iko, na jina pia. Kwenye Blogger, hata anwani ya makala hubeba mwaka na mwezi.

Kuficha jina peke yake si dhambi. Gazeti la The Economist, lililoanza London mwaka 1843, mpaka leo huchapisha makala nyingi bila jina la mwandishi. Lakini tarehe ya toleo iko jaladani. Wanamficha mtu, hawafichi wakati.

Huku kwetu pwani, Mwana Kupona alifanya zaidi. Utendi wake wa kumuusia bintiye ni wa 1858, na mwaka huo, 1275 wa Hijria, aliutia ndani ya beti zenyewe. Watu walinakili kwa mkono, nakala baada ya nakala, na mwaka ukasafiri nazo. Ukitaka kuutoa, lazima uvunje ubeti.

Nilimaliza kazi, nikalipwa. Miezi miwili baadaye shangazi akanipigia simu: "Mbona dalali anataka karibu mara mbili ya ile bei nilisoma kwa mtandao?" Nikamwomba anitumie makala aliyosoma. Ilikuwa yangu, ya 2019, haina jina wala tarehe. Yeye anasomea kwa simu. Msimbo angeujulia wapi?

Nilimweleza ukweli. Na tangu siku hiyo, nikiandika bei yoyote, mwaka nauweka ndani ya sentensi, ubavuni mwa shilingi. Anayetaka kuuficha itabidi aiandike upya sentensi yangu.