Daktari wa Karema

Hapa Kigoma abiria wa daladala ya Mwanga kwenda Ujiji, hata mgeni wa juzi, anaijua habari ya Livingstone na Stanley waliokutana pale mwaka 1871. Waliofuata nyuma yao hawana mnara wa kutajwa. Agosti 1878 walifika wajumbe wa London Missionary Society. Mmoja wao, Thomson, akafa mwezi uliofuata. Mwenzao Dodgshun aliburutwa na safari kutoka pwani hadi Machi 1879, akaingia Ujiji, akaishi wiki moja tu. Wakati huo Mapadri Weupe waliotumwa na Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, walikuwa wamekwisha tua mjini tangu Januari. Waliukuta mji wa biashara hasa: pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, samaki, na watu waliovushwa Ziwa Tanganyika kutoka Manyema wakiwa wamefungwa.

Mapadri wakaanza kukomboa watoto. Ukombozi huo ndio unaosifiwa zaidi katika vitabu vya kanisa, nami sitaki kuupunguzia heshima, lakini una upande wa pili. Mali ya kumkomboa mtoto iliishia mkononi mwa mfanyabiashara yuleyule, naye kwake hiyo ilikuwa biashara kama biashara nyingine. Na mtoto mwenyewe hakuulizwa anataka kwenda wapi. Alihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ingawa huu wa pili ulimlisha na kumfundisha kusoma. Mei 1881 huko Rumonge, kaskazini mwa Ujiji, ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyekombolewa ulisababisha vita. Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa siku moja.

Miaka mitano kabla ya hapo, mbali kabisa na ziwa letu, mtoto mwingine alikuwa amekombolewa kwa njia hiyohiyo. Adrien Atiman alizaliwa yapata 1866 katika kijiji kilicho kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Wateka watu walimchukua akiwa mdogo, wakamvusha jangwa, na mwaka 1876 mapadri wakamnunua Metlili, Algeria. Lavigerie alikuwa na mpango wake. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, vijana wa Kiafrika wasomee udaktari, kisha warudi Afrika wakiwa makatekista wenye kazi mikononi. Aliagiza wasizoee vyakula, mavazi wala malazi ya Kizungu. Waoe, wawe na mji, wajitegemee. Alijua kwamba mganga hafukuzwi mlangoni, hata pale ambapo mhubiri hatakiwi.

Hesabu ya Lavigerie ilikuwa na kasoro ambayo yeyote wa huku angeiona mara moja. Kwake Mwafrika alikuwa Mwafrika. Lakini kijana wa Niger aliyepelekwa Tanganyika alikuwa mgeni sawasawa na Mfaransa. Hakuwa na ukoo, wala jamaa, wala mtani wa kumtania. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akapanda bara mwaka uleule ambao pwani iliwaka kwa vita vya Abushiri na Wajerumani, na mwaka 1889 akafika Karema.

Karema ipo kusini, upande wetu wa ziwa, iliyokuwa kituo kimojawapo cha meli ya Liemba ilipokuwa ikitoka Kigoma. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, juu ya kilima kilichogusa maji. Mara ziwa likaanza kuwakimbia. Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ulikuwa umezibua mdomo wake, maji yakashuka mwaka hadi mwaka, na ngome iliyokusudiwa kutazama bandari ikabaki ikitazama nchi kavu. Mwaka 1885 Wabelgiji wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe. Waliokimbia misafara ya watumwa walijenga kuizunguka, na hao wakawa wagonjwa wa kwanza wa Atiman.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Sotoka ikamaliza ng'ombe. Funza, mdudu aliyeletwa na meli kutoka ng'ambo ya Atlantiki hadi Angola, akatambaa kuvuka bara, na katika miaka ya 1890 akawafikia watu wa ziwa ambao hawakujua kumtoa. Vidole viliozea miguuni. Ndui nayo haikuwa mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yakazikumba fukwe, serikali ya Wajerumani ikahamisha vijiji na kufungua kambi za wagonjwa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, manowari za Waingereza zikafunga pwani yote ya koloni. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Götzen karibu na Kigoma wasiwaachie Wabelgiji. Ndiyo hiyo iliyoibuliwa baadaye na kuitwa Liemba.

Katika yote hayo Atiman alikuwa palepale. Alioa mke wa hukohuko, na mwanawe Joseph akapewa upadri mwaka 1923. Kwangu mimi hapo ndipo ukarimu wa Kikristo katika ziwa hili ulipobadilika sura. Mwanzo ulikuwa ukarimu wa mwenye mali anayetoa mali. Kwa Atiman, aliyewahi kuwa bidhaa, ulikuwa ni wa mtu anayetoa miaka yake kwa watu wasiomzaa, naye hakuwa na nyumbani pengine pa kuhesabia likizo.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe. Alikufa Karema Aprili 1956, umri wake ukikaribia miaka 90, baada ya kutibu pale kwa miaka 67. Chuo cha Malta chenyewe kilifungwa kabla ya karne ya 19 kwisha, kwa kuwa wakubwa wa shirika la Mapadri Weupe waliona mpango haukuzaa matunda waliyoyatarajia.