Mipangilio ya majedwali na nyuga katika programu za uchambuzi wa data, Juba

Mipangilio ya majedwali na nyuga ni maelekezo ambayo msimamizi wa data huipa programu ya uchambuzi, ili ijue kila jedwali linahusu nini na kila uga, yaani kila safu wima, una taarifa ya aina gani. Kazi hii ipo katika programu kama Power BI, Tableau na Metabase, na pia katika DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Huko Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ina uzito wa pekee: tangu uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, nchi imebadilisha majimbo, thamani ya sarafu na hata saa.

Mambo yanayopangwa

Kwanza ni aina ya data: matini, namba, tarehe au ndiyo na hapana. Namba ya simu iliyoanza na sifuri huipoteza sifuri hiyo ikihesabiwa kuwa namba ya kawaida. Kwa hiyo hupangwa kuwa matini. Pili ni maana ya uga: kama ni mahali, fedha, kundi au kitambulisho. Tatu ni funguo zinazounganisha majedwali, wazo lililowekewa msingi na mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd mwaka 1970. Nne ni jina la kuonyeshwa, maelezo mafupi, na uamuzi wa nani aone nini.

Uga wa mahali

Sudan Kusini ilianza na majimbo 10. Amri ya rais ya Oktoba 2015 iliyafanya kuwa 28, na Januari 2017 yakawa 32. Februari 2020 nchi ilirudi kwenye majimbo 10, pamoja na maeneo matatu ya utawala: Pibor, Ruweng na Abyei. Jimbo la Equatoria ya Kati lilikuwa limegawanywa kuwa Jubek, Terekeka na Yei River, na Juba ikawa ndani ya Jubek. Mchambuzi akichora chati ya miaka 10 kwa kutumia jina la jimbo, Juba itaonekana kutoweka mwishoni mwa 2015 na kuzuka tena 2020, ilhali mji haukuhama.

Majina nayo huandikwa kwa namna nyingi. Kajo-keji, Kajo Keji na Kajokeji ni kaunti moja, lakini programu huzihesabu tatu. Dawa yake ni misimbo ya maeneo inayotumiwa na mashirika ya misaada chini ya uratibu wa OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu: msimbo unaoanza na herufi SS, kisha tarakimu za jimbo na za kaunti. Msimbo ndio uwe ufunguo wa kuunganisha majedwali. Jina libaki la kusomwa na watu. Jedwali dogo la kando lioneshe kila kaunti ilikuwa jimbo gani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi.

Uga wa tarehe na saa

Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, ikaachana na majira ya Afrika Mashariki. Seva au ripoti iliyobaki na majira ya Nairobi huleta kosa lisiloonekana kwa haraka. Mgonjwa aliyelazwa Juba tarehe 31 Machi saa 5:30 usiku huonekana amelazwa saa 6:30 usiku, tarehe 1 Aprili, na hivyo huingia katika hesabu ya mwezi mwingine. Majira ya kuchagua ni Africa/Juba, ambayo hubeba mabadiliko hayo.

Uga wa fedha

Desemba 2015 Benki ya Sudan Kusini iliiachia pauni ipangwe na soko, na kiwango rasmi kikapanda kutoka takriban pauni 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Bidhaa ya dola 10 iliyoandikwa pauni 30 mwanzoni mwa mwezi ilifikia zaidi ya 180 mwishoni. Ndiyo maana uga wa kiasi peke yake hautoshi. Unahitaji kuambatana na uga wa sarafu na wa tarehe ya kubadilishia, na programu izuiwe kujumlisha pauni na dola pamoja.

Faragha na usimamizi

Majina na simu za wagonjwa au za watu waliokimbia makazi yao hufichwa katika ripoti. Hata hivyo, kuficha uga ni kupunguza tu msongamano wa vitu machoni. Mwenye ruhusa ya kufika kwenye hifadhidata bado anaweza kuusoma. Ulinzi wa kweli ni kuzuia ruhusa yenyewe, au kutoichukua taarifa hiyo kabisa.

Mipangilio ifanywe mara moja kwenye chanzo, isirudiwe katika kila ripoti, na kila badiliko liandikwe tarehe na sababu. Palipo na wafanyakazi wanaokuja na kuondoka, maelezo hayo mafupi ndiyo humwezesha mgeni kuendeleza kazi bila kuharibu hesabu zinazoamua dawa na chakula vipelekwe wapi.