Malkia Strikers: Afrika Tunawika, Olimpiki Tunachapwa. Shida Iko Wapi?

Base yetu hapa Masalani kawaida ni ya chai na stori za Arsenal. Lakini Septemba 2025 mada ilibadilika. Bulgaria, nchi yenye watu hawafiki milioni 7, ilifika fainali ya Mashindano ya Dunia ya voliboli ya wanaume kule Manila, ikapigwa na Italia seti 3-1. Seta wao, Simeon Nikolov, ni kijana wa 2006. Bro yake mkubwa, Aleksandar, ndiye alikuwa anamalizia mipira.

"Warya, na sisi je?" msee mmoja akauliza. Hapo ndio moto uliwaka, juu Kenya ukitaja voliboli unataja Malkia Strikers, si wanaume. Kama ulikosa huo mjadala, story ndio hii, na yangu nimeongezea.

Rekodi kwanza, ndio tusidanganyane

Malkia wamebeba taji la Afrika mara 10. Ya kwanza ni 1991, ya mwisho ni 2023 pale Yaoundé chini ya kocha Japheth Munala. Kati ya hapo Cameroon walitunyanyasa, wakachukua 2017, 2019 na 2021 mfululizo. Mwaka wa 2015 tulishinda Kundi la Tatu la World Grand Prix kule Canberra, tukipiga Peru kwenye fainali.

Sasa Olimpiki. Tumeenda mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024. Ushindi? Sufuri. Ukichukua Tokyo na Paris pekee, ni mechi nane na hatukutoa hata seti moja. Brazil kule Paris walitufungia 25-14, 25-13, 25-12. Angalia hizo namba vizuri. Kila seti ilikuwa mbaya kuliko ile ya kabla.

Lakini si kila mahali tunalia. Kwa Mashindano ya Dunia tumeshawahi chapa Kazakhstan 2018, Cameroon 2022 na Vietnam 2025. Kwa hivyo ule msee wa base anasema "hao madem hawajui mchezo" akae chini anywe chai yake.

Penye wako moto

Kupiga. Hapo hakuna mjadala. Sharon Chepchumba akipewa mpira mzuri juu ya wavu, anaushukisha kwa nguvu hadi unaonea huruma mwenye anaupokea. Si bure alipata kucheza Ugiriki. Katikati kuna Trizah Atuka na Edith Wisa, wenye kazi yao ni bloku na ile mipira ya haraka. Hao wakiamka, timu za Afrika hupotea njia. Halafu kuna roho. Malkia wakipata pointi wanacheza densi hata kama wako nyuma kumi, na uwanja mzima unawapenda.

Penye tunaungulia

Base nzima ilisema ni urefu. Mimi nikakataa, na bado nakataa. Japan tulikuwa nao kundi moja Tokyo na pia Paris. Wasichana wa Japan ni wafupi ukilinganisha na Poland ama Serbia, lakini walitupiga vizuri tu. Kama shida ingekuwa urefu pekee, Japan wangekuwa wanalia na sisi.

Shida ni mguso wa kwanza. Yaani kupokea sevisi.

Iko hivi. Sevisi ikipokewa fiti, mpira unafika kwa seta karibu na wavu, na seta kama Emmaculate Misoki anabaki na machaguo: apige haraka katikati kwa Atuka, ama atupe pembeni kwa Chepchumba. Adui hajui aruke wapi. Lakini pasi ikienda vibaya, seta anakimbizana na mpira huko nyuma, anabaki na kitu moja tu, kuutupa juu pembeni. Kufika hapo, bloku mbili ama tatu zishasimama zikingoja. Hapo hata uwe Chepchumba na nusu, utapigia ukuta. Watu nyumbani wanasema "Chepchumba leo hayuko", na yeye makosa si yake.

Hii ndio maana Mercy Moim, kapteni wa Tokyo, alikuwa wa maana vile. Alikuwa anapiga na pia anapokea. Libero kama Agripina Kundu anaweza funika nafasi yake, lakini hawezi funika uwanja wote. Na Afrika sevisi za kukuua si nyingi, kwa hivyo ugonjwa huu hauonekani hadi ukutane na Brazil.

Kupokea hakufunzwi kambini wiki tatu. Hao ndugu wa Bulgaria baba yao ni Vladimir Nikolov, alikuwa kwa timu iliyochukua shaba ya dunia 2006. Wameguswa na mpira wakiwa watoto. Kwetu wengi huanza wakifika sekondari, na ni shule chache kama Kwanthanze, Cheptil na zamani Mukumu zinazobeba mzigo, halafu KCB, Pipeline na Prisons wanagawana waliobaki.

Na Ijara?

Kikosi cha Paris hakikuwa na msichana hata mmoja wa kutoka huku Garissa. Abti mmoja hapo base alisema ni mavazi. Nikamwonyesha kwa simu picha ya Doaa Elghobashy wa Misri, Rio 2016, akicheza voliboli ya ufukweni na hijabu yake na mikono mirefu. Sheria inaruhusu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa hapa wavu uko wapi?"

Hilo swali sikuwa na jibu lake. Shule niliyosomea, kabla sijaachana na mambo ya masomo, ilikuwa na milango ya soka na milingoti miwili ya voliboli bila wavu. Tulikuwa tunaanikia nguo hapo. Wasichana walikuwa wanafunga leso katikati, wanapasiana mpira wa plastiki juu yake hadi adhana ya Maghrib. Na kupasiana ndio walikuwa wanajua, juu ule mpira ukiupiga kwa nguvu unapasuka.